Kikohozi cha Gamaliel

Kokushubila alikuwa anamenya ndizi za kununua mlangoni mwa kibanda chake cha nyasi wakati mbwa wa marehemu mumewe, Tutaona, aliporudi amelowa umande, akasimama kando ya sufuria na kukohoa. Alikohoa kwa kuvuta, kama mtu anayekokota gogo, akatulia, kisha akamalizia kwa sauti ya chini: "Waitu."

Kikohozi hicho Kokushubila alikifahamu. Alikuwa amelala nacho kitanda kimoja tangu alipoolewa. Aliweka kisu chini, akamtilia mbwa maji, akaendelea kumenya.

Kijiji chao kipya, si mbali na Kagoma, kilikuwa kwenye rweya, uwanda wa nyasi tupu ambako mgomba haukubali. Walihamishiwa huko mwaka wa sabini na nne, mvua za vuli zilipoanza. Siku lori lilipowafuata, Gamaliel, mumewe, alikuwa kitandani na homa ya kifua. Aliomba aachwe mpaka apate nafuu, na kila ombi alilianza kwa "waitu", kama anavyosema Mhaya anapomheshimu anayezungumza naye. Mwenyekiti wa kijiji, Ndyamukama, alisema maendeleo hayamsubiri mtu akohoe. Mgambo wakaiezua nyumba ili mvua imtoe mgonjwa yenyewe, wakampandisha Kokushubila kwenye lori kwa nguvu, wakaondoka.

Aliporuhusiwa kurudi kumtazama, mvua zilikuwa zimepungua. Alimkuta Gamaliel kitandani, amejifunika majani ya migomba, amekufa. Alimzika mwenyewe pembeni mwa mibuni. Kwenye mkutano ilitangazwa kwamba mzee Gamaliel ameondoka kwa uzee. Yeye na Ndyamukama walikuwa rika moja.

Habari za kuhama hazikuwaingia mbwa. Kila kulipokucha walishuka kwenye vibanja vya zamani, yale mashamba ya migomba na kahawa waliyoyaacha, wakazunguka nyumba zisizo na paa, wakatafuna konokono waliojaa chini ya migomba iliyooza. Baada ya Tutaona, alianza mbwa wa Benigna, jirani, kisha wa kwa Yoeli, kisha wengine. Wote walikohoa kikohozi kilekile na kumalizia na "waitu".

"Mume wako amepita kwangu asubuhi," Benigna alimwambia Kokushubila kisimani. "Nimemwitikia."

"Umefanya vizuri, dada."

Bwana mifugo, Apolinary, alikuja kwa baiskeli kutoka Muleba. Alitega sikio kwenye mbavu za Tutaona muda mrefu.

"Ni minyoo ya mapafu," alisema. "Konokono ndio wanaoibeba. Mbwa akimla konokono, minyoo inapanda kifuani. Vijidudu vyake anavikohoa na kuvimeza, vinatoka na kinyesi, konokono wengine wanavila. Huko vibanjani wameongezeka kwa sababu hakuna anayesafisha."

"Na hiyo sauti?" Kokushubila aliuliza.

"Sauti ni ya mzee Gamaliel, mama. Hiyo haina dawa. Ya minyoo ipo, lakini tumeambiwa ni ya ng'ombe wa serikali tu. Rudini mkaondoe migomba iliyooza."

Ndyamukama, aliyekuwa amesimama nyuma yao, alisema hakuna ruhusa ya mtu kurudi kibanjani.

"Mdogo wako anachuma kahawa yetu huko," Kokushubila alimwambia. "Yeye amepewa ruhusa na nani?"

"Kahawa ile ni ya kijiji."

Apolinary akapanda baiskeli yake.

Tutaona alikonda, akaanza kukohoa damu. Siku ya mwisho Kokushubila alikipakata kichwa chake kama mtoto. Mbwa alivuta pumzi kwa taabu, akasema, "Waitu."

"Nipo," Kokushubila akajibu. Mwaka ule wa lori hakupewa nafasi ya kulisema neno hilo. Alilirudia mpaka mwili ukapoa, kisha akalia, akachimba shimo nyuma ya kibanda.

Mwezi uliofuata mgeni wa chama alikuja kutoka Bukoba kukipongeza kijiji. Watu waliketi kwenye nyasi mbele ya ofisi. Ndyamukama alikuwa katikati ya hotuba pale mbwa wake mwenyewe, dume nene aliyelishwa nyama, alipokuja kusimama mbele ya meza akaanza kukohoa. Mwenyekiti aliikatisha. Mgeni naye alivua kofia, akasubiri.

"Waitu," mbwa alimaliza.

"Pole, mzee," alisema Ndyamukama kwa heshima. "Sasa tuendelee. Kibanja cha marehemu hakina mwangalizi. Imependekezwa akabidhiwe mdogo wangu, ambaye tayari anakitunza. Wanaoafiki?"

Mikono ilipanda mmoja mmoja. Kokushubila aligeuka kumtazama Benigna. Benigna alikuwa ameinamisha uso, akichuma nyasi kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa juu.