Siku ya Majaribio Naivasha

Kazi zilikuwa mbili, na zote nilizidharau. Ya kwanza ilikuwa dispensari ya kanisa huko Kuresoi, baridi na matope, muuguzi mmoja akiwa ndiye kila kitu. Ya pili ilikuwa kliniki ndani ya shamba la maua Naivasha. Mama alishatangazia kanisa zima kwamba Nerima wake anaenda Naivasha. "Nyumba ya bure, mwanangu! Na kliniki ina vigae!" Ati vigae. Kwani nilisomea uuguzi ama ufundi wa sakafu?

Hata hivyo nikaenda Naivasha kwa siku moja ya majaribio. Mkubwa wa kliniki, Sitati, alinipokea akiwa kwa koti jeupe pe pe pe, ananuka marashi, anajizungusha kitini. Mtu mzima! Akanieleza utaratibu wao: mfanyakazi akiugua, anamwona supavaiza wake kwanza. Supavaiza ndiye anaamua kama huyo ni mgonjwa.

"Na supavaiza alisomea wapi udaktari?" nikauliza.

"Wiki hii tunasafirisha maua ya Valentine," akasema. "Hakuna mtu mgonjwa."

Aka! Kumbe upumbavu nao huvaa koti.

Akaingia mama mmoja, Chepkorir, amefunika uso kwa leso. Waridi zilikuwa zimepuliziwa dawa ya wadudu, na wavunaji wakarudishwa ndani ya banda la maua kabla haijakauka. Macho yalikuwa mekundu, machozi yanamtiririka. Sitati hata hakuinuka. Akasukuma Panadol mbili mezani kama mtu anayerushia kuku mahindi. "Rudi kazini, mathe."

Nikampita. Nikamlaza yule mama kitandani, nikafungua chupa ya maji ya chumvi, nikamwosha macho polepole mpaka akaweza kuyafumbua. Sitati alikuwa anacheka tu. "Bado unanukia chuo, sista. Utazoea."

"Nizoee? Ng'o! Wewe ni tabibu ama ni askari wa geti?"

Akageukia dirisha. Nilimdharau mpaka nikasikia raha. Papo hapo nikaamua kazi ni hii, nitaichukua, nimwonyeshe huyu bwana jinsi inavyofanywa. Ukicheka na nyani utavuna mabua.

Nikamsindikiza Chepkorir mlangoni. Nikamwambia aende nyumbani akapumzike, na akiulizwa aseme ni mimi nimemruhusu. Akanitazama kwa huruma.

"Asante, mwanangu. Lakini usimgombeze daktari. Alipokuja alikuwa hivyo hivyo kama wewe. Yeye ndiye alianza kutuosha macho hapa. Siku moja alimfukuza supavaiza humu ndani kwa makelele, tukampigia makofi."

Akajifunga leso yake vizuri, akarudi kwa waridi.

Nilichukua mkoba wangu nikaondoka bila kumuaga mtu, na jioni hiyo nikawapigia wa Kuresoi simu nikawaambia nakuja. Mama hajanisamehe mpaka leo. Anaambia watu ni kiburi kilinitoa Naivasha. Kiburi wapi! Niliogopa kuzoea.