Unyayo wa Khalayi

Nekoye alivua viatu mlangoni, akaviweka kando ya ukuta, akaingia sebuleni kwangu miguu mitupu. Alitembea polepole hadi penye mlango wa jikoni, akasimama, akapapasa sakafu kwa kidole gumba cha mguu. Kisha akanitazama.

"Unyayo ulikuwa hapa," alisema.

Nilikuwa nimeshika birika la chai. Sikuliweka chini.

Nyumba ile ilikuwa yao kabla ya kuwa yetu. Mumewe, Lusweti, aliijenga kwa mikono yake huku kwetu Lurambi, na walipopata shamba katika makazi mapya ya Lumakanda wakatuuzia. Siku ya kuhama, lori likinguruma uani, Nekoye alinivuta hadi kwenye mlango huo. Simenti ilikuwa na alama ya mguu mdogo wa kushoto, vidole vimejipanga kama punje za mahindi. Binti yao Khalayi alikanyaga hapo sakafu ikiwa mbichi. Miezi minne baadaye surua ilimchukua akiwa kwa nyanya yake Kimilili, na huko ndiko alikozikwa.

"Hatukuwahi kumpiga picha," aliniambia. "Mama Andati, hapa usipaguse."

Nilimshika mikono yote miwili nikamwahidi. Nilikuwa na mimba ya pili wakati huo, na sidhani kama nimewahi kusema neno kwa dhati kuliko lile. Kwa miaka kadhaa vumbi lilipojaa kwenye vile vidole nililitoa kwa unyoya wa kuku.

Kisha miwa ikaja. Trekta zililima hadi kwenye kuta za majiko, na nyumba zetu zikaanza kubadilika: mabati, makochi, redio kubwa kama kabati. Jirani yangu Zilpah akaweka sakafu ya simenti nyekundu, akaing'arisha hadi ungejiona uso, na akina mama wa kanisa wakahamishia mikutano kwake. Nikaanza kuitazama sebule yangu kwa macho yao. Niliona nyufa. Niliona kile kishimo ambacho kila mgeni alikiulizia, nami nilikuwa nimechoka kusimulia msiba usio wangu.

Fundi alipokuja, mume wangu Elkanah alisema, "Hapo mlangoni aache."

"Kibaki kama kiraka? Watu watatucheka."

Elkanah hakubishana, alienda zake shambani. Fundi aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nilimwonyesha kwa kidevu aendelee, nikaenda nje kuchambua mboga za mrenda.

Na sasa Nekoye, aliyetoka Lumakanda alfajiri, alikuwa amesimama juu ya sakafu yangu nyekundu.

"Ni baba Andati," nilisema. "Mimi sikuwepo. Nilirudi nikakuta wamemaliza."

Nilishangaa jinsi maneno yalivyotoka laini. Nekoye akaitikia kwa kichwa. Hata akaniliwaza, akaniomba nisigombane na mume wangu kwa sababu yake. Aliketi akanywa chai, akasema sakafu ni nzuri, haishiki vumbi. Kila alipomeza nilitamani aondoke, na nilijichukia kwa kutamani hivyo.

Nilipomsindikiza, tulikutana na Elkanah langoni akitoka kwenye miwa, panga mkononi. Alifurahi kumwona. Mara akainamisha kichwa.

"Mama, ule mguu wa mtoto," alisema. "Nilimwambia mama Andati paachwe, lakini sikusimama imara. Naonanga haya kila nikipita hapo. Utusamehe."

Nikayakazia macho majani ya miwa. Nekoye alihamisha mkoba wake kutoka bega moja hadi jingine, na alichukua muda kufanya hivyo.

"Tumeshaongea na mama," alimwambia Elkanah. "Ameniambia vile ilikuwa."

Akanipa mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu na mwepesi, na hakuubana wangu wala kuuachia haraka. Akashika njia ya barabara kuu, akipita katikati ya miwa iliyokuwa imempita kimo, hata kitambaa chake cha kichwa kikapotea.

Elkanah aliniangalia kwa upole ambao sikuwa nimeuona kwake tangu tulipooana.

"Umefanya vizuri kumwambia ukweli," alisema.

Nikamjibu, "Ndiyo."