Mtungaji Hajulikani

Siku kumi na tatu baada ya Hausabai Dhindle kuteketezwa kando ya mto, Dakta Ponkshe alishuka basi Shelgaon na kinasa sauti chake na biskuti alizomletea mama huyo. Habari za msiba hazikuwa zimemfikia. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akikusanya nyimbo ambazo wanawake wa Maharashtra huimba wakisaga nafaka, na nyingi zilitoka kinywani mwa Hausabai.

Sarubai, mkaza mwana wa marehemu, alimpa chai na habari za kifo, kisha akamwambia asihangaike. Mama mkwe bado alikuwa akija kila alfajiri kusaga uwele. Tabu ilikuwa unga tu, maana ulizidi, hata majirani walianza kuukataa.

Dakta akalala hapo. Alfajiri alimkuta Hausabai penye jiwe la kusagia, mguu mmoja kaunyoosha. Mama alimuuliza Dakta hali ya magoti yake, kisha akamwomba amsomee kile kitabu alimochapisha nyimbo zao. Alipokuwa hai aliona haya kuomba.

Dakta akasoma. Hausabai alizitambua nyimbo zake: huu aliutunga siku binti yake alipoolewa mbali, huu alipomzika kitinda mimba. Chini ya kila mmoja palikuwa na maneno yaleyale: mtungaji hajulikani.

“Hajulikani na nani?”

Dakta alieleza kwamba ndiyo desturi ya wasomi. Nyimbo za mapokeo ni mali ya jamii.

“Jamii haikuwazaa wale watoto, ndugu yangu.”

Akaendelea kusaga. Baadaye akaimba wimbo mpya, akalitia ndani jina lake, la baba yake na la kijiji, yakakaa kwenye mizani hivi kwamba ukiyatoa wimbo unachechemea. Dakta aliuandika huku uso umemwiva kwa aibu.

Kule mjini Pune, kamati ya wahariri wa kitabu kipya iliupenda. Hakuna aliyetilia shaka kwamba umeimbwa na marehemu; wawili kati yao walishawahi kurekodi wafu. Ila kitabu lazima kiwe na utaratibu mmoja. Penye majina wakaweka nukta tatu. Dakta alibishana vikao viwili. Cha tatu alitia saini, akavishwa shali na kukabidhiwa nazi ya heshima.

Mvua zilipokatika alirudi Shelgaon kumsomea Hausabai kitabu hicho. Alipofika penye nukta alinyamaza kidogo, kama ilivyoandikwa. Hausabai alisimamisha jiwe, akangoja.

Kisha akamwambia aendelee tu, kunakucha na uwele haujaisha.