Mashtaka ya Mfalme wa Bahari

Siku tuliyovuka ikweta niliamka nimeshakasirika. Lindsay, mume wangu, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, soksi kazivaa mikononi, ananiuliza leo tunashuka bandari gani. Nikamwambia hakuna bandari, ni maji matupu mpaka Honolulu. Akasema sawa. Nikamvua zile soksi nikamvalisha miguuni, haraka haraka, kabla Janelle hajabisha hodi.

Janelle ni binti yetu, na ndiye aliyeninyima raha katika safari nzima. Tangu meli ing'oe nanga Brisbane alikuwa anamchunguza baba yake, nami nakazana kumziba macho: Baba kachoka, Baba hakusikia vizuri, Baba anakutania tu. Mwanangu si mjinga. Lindsay alipojitia kiherehere akaomba awe Mfalme wa Bahari kwenye sherehe ya kuvuka mstari wa ikweta, eti kwa kuwa ujanani alikuwa kwenye jeshi la majini, Janelle alinivuta pembeni.

"Mama, atasimama mbele ya watu wote. Akiweza, mimi nanyamaza. Akishindwa, tukirudi nyumbani Townsville tunakwenda kuiona ile nyumba ya wazee. Na sitaki ubishi."

"Baba yako hana tatizo lolote."

"Basi wasiwasi wa nini?"

Wasiwasi niliokuwa nao nilijua mwenyewe. Tumekaa nyumba moja maisha yetu yote, leo nimpeleke akalale kwa watu wengine? Thubutu.

Baada ya kifungua kinywa nikamfanyisha mazoezi chumbani. "Haya, unaanzaje?"

"Naanza nini?"

"Sherehe, Lindsay. Unawaita viluwiluwi."

Viluwiluwi ni wale ambao hawajawahi kuuvuka mstari kwa meli. Mfalme anawasomea mashtaka ya kipuuzi, anawahukumu, wanambusu samaki, wanamwagiwa uchafu wa jikoni, basi, wamekuwa watu wa bahari. Mimi mwenyewe ni kiluwiluwi. Miaka yote akizurura baharini, mimi nilikuwa nyumbani nalea. Lindsay akaangalia dirishani, akaniuliza tena tunashuka bandari gani.

Nikaona hapa tutaumbuka. Nikamwacha na chai yake, nikapanda mpaka kwa msichana mmoja mwenye kaptula ya njano, anayeongoza michezo na sherehe za meli, nikamwambia mzee anaharisha, tafuteni mfalme mwingine. Akanipa pole. Nikashuka roho imetulia kidogo. Kufungua mlango, chumba kitupu.

Nilizunguka meli ile kama kuku anayetaka kutaga. Maktaba hayupo, kwenye baa hayupo, nikachungulia mpaka msalani kwa wanaume, mmoja akanikata jicho, nami nikamkata lake. Ndipo honi ya meli ikalia ndefu, kumaanisha tumefika mstarini. Nikakimbilia kwenye bwawa la kuogelea, kwenye sherehe, na magoti yangu haya mabovu.

Lindsay alikuwa kwenye kiti cha enzi. Taji la boksi kichwani, ndevu za kamba kidevuni, mkuki wa meno matatu mkononi. Na anaongea. Maneno ya zamani yote yalikuwa yamemrudia, sauti ile ile iliyokuwa ikinitoa jikoni alipokuwa akirudi likizo. Alimhukumu nahodha kwa kukoroma, watu wakavunjika mbavu. Janelle alikuwa amesimama mbele, mikono kaikunja. Nilitaka kulia kwa furaha. Ameweza, nikasema moyoni, tumepona.

Halafu akaniona.

"Mleteni yule. Merle, kiluwiluwi mkongwe."

Wakanipigisha magoti mbele yake. Samaki mkubwa alikuwa kwenye sinia la barafu, ananitazama.

"Shtaka la kwanza," akasema Lindsay. "Ananijibia kabla sijafungua mdomo." Wanaume wakapiga makofi. "La pili. Leo amekwenda kusema tumbo langu linaumwa. Huyu binti wa njano kaniambia. Tumbo langu ni zima. Kinachoumwa ni hiki." Akaligonga lile taji.

Watu wakacheka. Janelle hakucheka.

"La tatu," akasema, na sauti ikashuka, "anamficha mtoto wetu hali yangu. Anabeba peke yake, na mimi si mwepesi. Hukumu: ambusu samaki, kisha marufuku kunijibia mpaka jua lizame."

Nikambusu samaki. Wakanimwagia tambi baridi na jeli ya kijani, ikaniingia mpaka kifuani, nikashukuru maana hakuna aliyejua ninalia. Nilimkasirikia, nisiseme uongo. Nimemlinda kote huko, kumbe alikuwa anaona kila kitu.

Tulipokwisha kuoga tukaketi watatu kwa chai. Tambi ilikuwa bado masikioni mwangu. Lindsay taji kaliweka mapajani, analipapasa. Janelle akanigeukia mimi, kama kawaida yake.

"Mama, sasa tufanyeje na Baba?"

Nikafungua mdomo. Lindsay akaninyooshea kidole, nikakumbuka hukumu, nikaufunga. Tukamsubiri. Alikaa muda mrefu, midomo inatafuta maneno, nami natafuna ulimi wangu nisimsaidie.

"Hiyo nyumba," akasema hatimaye. "Nipelekeni nikaione sasa. Sasa, wakati bado nina akili ya kuchagua chumba. Na iwe karibu na kwetu, Merle aje kwa miguu."

Janelle akanitazama mimi, akingoja nikatae. Jua lilikuwa bado juu sana.