Saa Iliyosahihishwa

Mkunga hakumaliza chai yake. Simu ililia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na Makorokoro, muuza vitu vya kale, akasema maneno matano tu: "Njoo. Saa ya Babu ipo." Basi mama wa watu alitoka mbio, kijiko bado kimo mkononi. Alipofika barabarani aligundua kwamba mguu wa kulia umevaa kiatu cheusi cha ngozi na wa kushoto ndara ya bafuni. Hakurudi. Mtu aliyeisaka saa kwa miaka thelathini harudi nyumbani kwa ajili ya kiatu.

Jina la Mkunga alipewa na mtaa, maana nusu ya mtaa huo aliipokea duniani kwa mikono yake mwenyewe. Tangu astaafu alikuwa akipokea vitu vya kale. Nyumba yake ilijaa vikombe vilivyopoteza visahani, vinara vya shaba, na picha za watu asiowajua yeye wala jirani, ndani ya fremu zilizopakwa dhahabu. Kila kimoja alikijua kilipopasuka na kilipogundishwa. Lakini vyote hivyo, tuseme ukweli, vilikuwa vya kujiliwaza. Alichokitaka hasa ni saa ya Babu.

Hiyo ilikuwa saa ya ukutani ya mbao nyeusi, na ilikuwa na kioja chake. Mshale wake mfupi ulikaa panapokaa mishale ya saa zote, lakini kengele yake ilihesabu kama watu wanavyosema. Asubuhi, mshale ukiwa kwenye nane, saa nyingine hupiga mara nane. Ya Babu ilipiga mara mbili, kwa kuwa ni saa mbili. Babu alikuwa akisema macho na yasome kama wanavyosoma walimwengu, lakini ndani ya nyumba yake hakuna kitakachomsemesha lugha ya ugenini. Ikipiga mbili Mkunga angali ndani, dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyemlea, alipaza sauti kutoka jikoni: "Mbili hizo! Umevaa viatu?" Na mtoto alitimka kwenda shule.

Mwaka aliokubaliwa chuo cha ukunga, Mkunga alirudi nyumbani akakuta ukutani pana alama nyeupe mahali pa saa, na ada imeshalipwa. Dada hakusema neno. Hajasema mpaka leo. Sasa ni mzee, macho yake hayaoni tena, anaishi na Mkunga katika chumba cha mbele, na dunia yake yote imo masikioni. Mkunga alitaka kumrudishia saa hiyo angali anasikia. Mara mbili alishaleta saa za mbao nyeusi akiwa na uhakika wote, na mara zote mbili Dada alisikiliza mlio mmoja tu akasema, "Siyo." Baada ya ile ya pili akaongeza, "Ukileta ya tatu ya uongo, nahama mimi."

Duka la Makorokoro lilikuwa refu na jembamba. Viti vilining'inia darini kwa kukosa nafasi, meza zilipandana, na mwisho kabisa, chini ya taa, palikuwa na benchi la fundi saa aliyepangishwa kona hiyo. Saa yenyewe ilikuwa imetundikwa kando ya kabati. Mkunga alipoiona, roho ilimruka. Mbao ile ile! Akapitisha kidole kwenye pembe, mahali mbao zilipoumana bila msumari hata mmoja. Akafungua mlango, akanusa. Harufu ya mafuta na vumbi la zamani ilimpanda hadi kichwani, akacheka peke yake.

"Kioo kimebadilishwa," alisema.

"Na mbao imepigwa msasa na vanishi upya, sikufichi," alisema Makorokoro. "Ila amua upesi, mama. Kuna mwenye hoteli anaitaka. Anakuja saa tatu."

Hapo hapo ikatimia saa moja, na saa ikaanza kupiga. Wote wawili walihesabu. Ilipiga mara saba.

Mkunga akaufunga mlango wa saa. "Siyo," alisema. "Ya Babu ingepiga moja."

"Ipige moja na mshale uko kwenye saba? Mama, hiyo siyo saa, hiyo ni ugomvi!"

Mkunga akamweleza, kijiko kikipunga hewani. Akaeleza jinsi mshale ulivyosoma hivi na kengele ikasema vile, na Makorokoro akacheka mpaka akashika mbavu. Kule mwisho wa duka, bisibisi ikaanguka sakafuni.

Fundi saa alikuwa mtu wa kujipiga kifua. Wateja wote walishaambiwa kwamba hajazaliwa na hajaundwa wa kumshinda kwa saa. Lakini sasa alikuja polepole, lenzi bado imebana jichoni. "Ilipishana sita?" aliuliza. "Sita kamili?"

"Sita kamili. Miaka yote."

"Mama, saa hii nadhani iliwahi kupita mikononi mwangu. Zamani, nilipokuwa na duka langu."

Akaishusha, akafungua mlango, akamulika ubao wa ndani, nyuma ya kile kisahani cha shaba kinachoyumba. Mafundi saa huandika humo kwa penseli walichokifanya, ili fundi ajaye asihangaike. Palikuwa na mistari minne. Ule wa mwisho ulikuwa mwandiko wake mwenyewe, umenyooka kwa majivuno: *Mlio umepishana na mshale kwa saa sita. Imesahihishwa.*

"Na aliyeileta wala hakulalamika," alisema fundi saa kwa sauti ndogo. "Alitaka kamba ibadilishwe tu. Hiyo nyingine nilimfanyia bure. Nikajisifu wiki nzima."

Mkunga hakujua kama amkumbatie au ampige kwa kijiko. Alifanya vyote viwili.

"Iharibu!" alipiga kelele. "Iharibu kama ilivyokuwa, sasa hivi!"

"Polepole," alisema Makorokoro, ingawa naye macho yalishaanza kumng'aa. "Huenda kuna nyingine iliyopishana hivyo hivyo."

"Wa kujua ni mmoja tu, na yuko nyumbani anakunywa chai," alisema Mkunga.

Fundi saa alichomoa kipini, akatoa mshale mrefu, akaung'oa ule mfupi, akauzungusha nusu duara na kuubana tena. Kisha akaanza kuisogeza saa mbele, saa sita nzima, akiiacha ipige kila ilipotaka kupiga. Duka likajaa mlio. Makorokoro alisahau kabisa habari za mwenye hoteli, akawa anahesabu kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mishale ikatulizwa. Zilibaki dakika mbili kufika saa mbili. Mkunga akapiga simu nyumbani.

"Dada, usiseme kitu. Sikiliza tu."

"Umeshanunua nyingine," alisema Dada.

"Usiseme kitu, nakuomba!"

Akaisogeza simu kwenye mlango wa saa. Makorokoro alishika kofia yake. Fundi saa alifumba macho, na midomo ilikuwa ikimchezacheza.

Saa ikapiga moja. Ikapiga mbili. Ikanyamaza.

Mkunga aliirudisha simu sikioni, akasikia pumzi tu. Alikuwa tayari kwa lile neno, "Siyo." Alishajikaza kulipokea.

Kikombe kikagonga kisahani kule upande wa pili. Kisha sauti ikatoka, kali, haina hata chembe ya uzee, sauti ya kutokea jikoni.

"Mbili hizo! Umevaa viatu?"

Mkunga akainamisha kichwa, akatazama miguu yake.

"Kimoja, Dada," alisema, machozi yakimtiririka. "Nimevaa kimoja."