Mkanda wa Nikeli

...wala hakuulizwa, hilo ndilo linalomchemsha Seleman, amesimama nje ya duka la Murtaza na ufunguo wa gari mkononi na hakuna aliyemuuliza kama anataka gari lirembwe, dada yake Adila alitamka tu asubuhi, tutapita kwa Murtaza atie mikanda kwenye madigadi, huwezi kwenda kuposa Fukayosi Jumamosi na gari lililochubuka kama ng'ombe wa mnadani, na yeye mtu mzima, mwalimu wa kemia, miaka hamsini na mbili, akachukua ufunguo akatii... Murtaza amechuchumaa penye tairi la mbele la kushoto, mkono mmoja mkanda mweusi wa mpira, mkono wa pili wa nikeli, anaupachika huu, anaupachika ule, juu ya mchubuko, "Mweusi au nikeli, mwalimu? Mweusi unakupa heshima. Nikeli unakupa mke upesi," na Adila kwenye kiti cha plastiki anacheka mpaka mtandio unamteleza, "Tia huo wa upesi, bwana Murtaza, huyu mwenyewe hana mwendo," wanacheka, na wacheke, siku sabini na tatu tangu mkewe Shufaa azikwe na watu wanacheka, lau angetangulia yeye, Shufaa angekuwa bado ndani, miezi minne na siku kumi, hana wanja, hana manukato, na nani angethubutu kumtajia mume, lakini mwanamume hana eda, mwanamume hupewa siku tatu za matanga kisha anaulizwa anakula wapi, siku ya nne alikuwa darasani, somo lilikuwa kutu, aliandika ubaoni masharti yake, maji na oksijeni, na wanafunzi walinakili kama wanaomwogopa... "Huyu Dija wa Fukayosi mtulivu," Adila anasema, "amelea wadogo zake wote, hata sauti yake huisikii," kana kwamba hiyo ni sifa, sauti ya Shufaa ilisikika mpaka nyumba ya tatu akiita mtu wa mkaa, Adila anajua, miaka yote hiyo Adila alimwita wifi yangu redio, na leo anamtafutia mke kwa kigezo cha kutosikika, angemwambia hivyo, angemwambia sasa hivi mbele ya Murtaza, dada, nyamaza... Murtaza ameweka mikanda chini, anamwaga maji ya sabuni, anasugua mchubuko kwa kitambaa, gundi haishiki penye vumbi, na Seleman anapiga hatua mbele, usisugue hapo, anataka kusema, hapo ni pa Shufaa, ile nguzo ya geti aliyoigonga siku ya pili ya kuendesha peke yake, alishuka akaitazama nguzo, akamtazama yeye barazani, akasema nguzo imesogea, akacheka mpaka akaegemea gari, na usiku ule ule akaja na simu, picha ya mkanda wa nikeli, nitilie huu, Sele, unang'aa, utaficha aibu yangu... na yeye akampa somo. Chuma, unyevu, chumvi ya pwani, mkanda unashika maji kwa ndani wala huoni kitu, miaka miwili madigadi imeoza, urembo usio na kazi, kila neno sahihi, hata leo angelirudia bila kusahihisha, na Shufaa akazima simu, "Haya, mwalimu," akasema, nyumbani hakuwa akimwita mwalimu... "Ila sikufichi," Murtaza anasema, ameuokota tena ule wa nikeli, anaupindapinda juani, "hapa kwetu huu unakunywa chumvi. Miaka miwili tu, ndani kutu tupu. Mweusi unaacha nafasi, bati linapumua," na Seleman anayasikia maneno yake yakitoka kinywani mwa mtu mwingine, sahihi, makavu, miaka miwili, na Shufaa alikuwa amebakiwa na miezi kumi na mmoja, alianguka jikoni, mkono bado una unga, na miezi yote hiyo aliendesha gari lenye mchubuko kwenda sokoni na kwenye harusi za watu, Adila akimtania kuwa mumewe bahili, naye hakujibu, hakusema mume wangu amekataa... Anainama, anagonga bati la madigadi kwa kidole, linaitika vizuri, zima, halina hata doa, aliliokoa bati. Na leo amesimama hapa anaulinda mchubuko ambao Shufaa mwenyewe aliomba ufunikwe, na hasira yote aliyomwekea Adila tangu asubuhi inageuka kama mbwa, inanusa, inamtambua bwana wake... Adila bado anaisifu familia ya Fukayosi, maji ya sabuni bado yanachuruzika, Murtaza bado amechuchumaa na mikanda yake miwili, jua halijasogea, "Haya, mwalimu," anasema, "upi?" na Seleman anajua upi, anajua pia kwamba Jumamosi gari hili haliendi Fukayosi, wa nikeli, matairi yote manne, na bati lioze.