Nikipatia, Ananyamaza

Mdogo wangu, ambaye nyumbani tunamwita Mkurugenzi kwa sababu ya tai zake, ametengeneza programu ya kufundishia watoto dini. Udhu, nguzo, sala, adabu, vyote kwenye tableti. Ukipatia, inamwaga nyota na vigelegele. Sauti ya mwalimu ni yake mwenyewe. Msikilize anavyoivuta bismillahi, utadhani jana tu katoka kuhiji. Na huyu ni mtu ambaye hajakanyaga hapa kwangu kumwona mama tangu mwaka juzi, na mama akimpigia simu hapokei.

Tableti ya majaribio alimpa dereva ailete kwangu, maana nafundisha watoto wa jirani sebuleni. Bwana mkubwa hata salamu hakuambatanisha.

Watoto waliichezea, wakamaliza masomo yote, wakaisahau. Mama ndiye aliyeing'ang'ania. Yeye aliyemfundisha huyo Mkurugenzi alifu na be, sasa alikaa kitandani na somo moja tu, haki za wazazi. Swali: mzazi akikuita, utafanya nini? Jibu la kwanza, nitaitika haraka. La pili, nitajifanya sikusikia. Mama akabonyeza la pili.

"Hapana, kipenzi changu," ikasema sauti ya mdogo wangu. "Hebu tusikilize tena." Ikaanza kueleza upya, taratibu.

Akabonyeza la pili tena. Na tena.

"Mama, si unalijua jibu?"

"Nalijua. Lakini nikipatia vinakuja vigelegele, yeye ananyamaza."

Nilitoka uani nikafua hata nguo ambazo hazikuwa chafu.

Mwisho wa wiki Mkurugenzi akapiga simu. Kwangu, si kwa mama.

"Dada, huko una mtoto mzito kweli kweli! Matokeo yote yananifikia hapa ofisini. Haki za wazazi kafeli wiki nzima."

"Ni mama yako huyo. Anakosea makusudi, apate kukusikia."

Nikadhani, mjinga mimi, kwamba imemwingia.

"Basi mfungulie na somo la udhu," akasema. "Nalo nimeongea mimi."

Nikamkatia simu.

"Alikuwa yeye?" mama akauliza kutoka chumbani. "Mbona hukunipa?"

"Ana kazi, mama."

Kidogo nikamsikia mwanawe akimwambia, "Hapana, kipenzi changu."